Kidole Changu Kimefundisha Darasa Zima

Mwenzangu, uko? Leo nimetamani ardhi ipasuke inimeze.

Nimeenda ile hoteli iliyochukua wanafunzi wangu wa chuo, maana wahudumu wake wazoefu wote wamehamia ng'ambo. Hakuna hata mmoja aliyebaki wa kuwasahihisha watoto. Nakuta wanabeba sinia kidole cha mwisho kimechomoza nje. Wote!

Ndivyo ninavyobeba MIMI. Kwa sababu kidole changu hakikunjiki tangu kibanwe na ule mlango, unakijua. Darasani niliona aibu kuwaambia.

Meneja ananiuliza, "Mwalimu, huu ndio mtindo mpya?" Nikajibu ndiyo. Nikajibu NDIYO, unanisoma?

Hata hatujamaliza, sinia likamponyoka mwanafunzi wangu mmoja, binti mpole, supu yote mapajani kwa mgeni. Meneja akamfokea, akamfukuza palepale. Na mimi nikauficha mkono wangu nyuma ya mgongo.

Sasa hivi kanipigia analia. "Mwalimu, nisamehe, nimekuaibisha. Na kidole nilikinyoosha kabisa, kama ulivyotufundisha."

Nikamwambia nimemsamehe.