Vigingi vya Reli Bondeni Tindiga

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Tindiga hatujambo, mpunga umechanua na mjomba wako amepona mguu. Tangu babu yako atutoke nyumba ni kimya, lakini barua yako nimewasomea majirani wote, wajue mjukuu wangu anapanga treni ya mjini ifike hadi vitongoji vipya.

Unauliza kwa nini wazee wa huko wananyamaza ukiwaonyesha ramani ya vituo. Nilipokuwa msichana, mpimaji wa reli alikuja hapa wakati wa kiangazi. Alipita mbele ya wazee bila salamu, akapigilia vigingi vya stesheni bondeni. Wazee walijua kwamba masika pale hujaa maji, lakini hakuna aliyemwambia. Babu yako, kijana aliyembebea mnyororo wa kupimia, ndiye aliyesema, "Bwana, hujawaamkia."

Mpimaji akarudi. "Shikamooni, wazee."

"Marahaba," akajibu baba yangu. "Tulikuwa tunakuacha uwajengee kambale stesheni yao."

Wakacheka, naye akacheka, kisha wakampeleka mwinukoni. Stesheni ikajengwa huko.

Labda nawe upite kwanza nyumba kwa nyumba, ramani ikiwa bado mkobani.

Masika niliyoolewa bonde lilifurika. Nilipandia treni mwinukoni na babu yako, miguu yangu mikavu. Angeweza kufukuzwa kazi kwa neno lile alilomwambia mpimaji, lakini alilisema. Nilijivuna kukaa kando yake safari nzima.

Bibi yako, akuombeaye heri