Binti Yangu Anaomba Ushauri kwa Mtaalamu wa Ng'ambo, na Mtaalamu Ni Mimi

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na naomba pia usicheke mpaka ufike mwisho, maana mimi mwenyewe naandika huku nacheka, sijui nilie au nicheze.

Mimi ni mzee wa miaka sabini kasoro kidogo, mgane, na mtaani wananiita Mzee Chaji kwa sababu nikiingia nyumbani kwa mtu, kabla sijaitikia salamu, macho yameshaanza kutafuta soketi. Napenda mashine, Mshauri, sifichi. Nina saa inayohesabu mapigo ya moyo na kunisuta nikikaa kitako muda mrefu, nina taa inayowaka kwa makofi, kiasi kwamba jirani akishangilia mpira kwenye televisheni yake kwangu panawaka na kuzima kama disko, nina kifagio cha umeme kinachozunguka sebuleni chenyewe na kunigonga vifundo vya miguu, nami nakiomba radhi. Wenzangu wa rika langu wanazungumzia magoti, mimi nazungumzia betri.

Zamani nilikuwa nafanya kazi kampuni ya majokofu, kitengo cha kuwajibu wateja: friji inanguruma, friji haigandishi, friji imegandisha mpaka nyanya. Siku moja tukaitwa ukumbini tukaambiwa kitengo kinafungwa, kazi yetu inapewa kampuni ya ng'ambo kwa sababu huko wanajibu haraka na kwa bei nafuu, wenzangu wakalia, lakini mimi nikasimama nikapiga hotuba! Nikasema kazi ni maji, inafuata mteremko, na hakuna aliyewahi kuyashtaki maji. Meneja alinishika mkono. Wenzangu hawakunishika. Nikarudi nyumbani na saa ya ukutani niliyopewa zawadi, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshaifungua nione ndani ina nini.

Binti yangu wa pekee yuko kampuni hiyohiyo mpaka leo, ndiye anayepokea malalamiko ya wateja na kuwauliza hao wataalamu wa ng'ambo, na siku nyingi anafanyia kazi nyumbani, chumbani kwake. Tangu mama yake afariki tunaishi wawili tu.

Kustaafu kukanichosha kabla hata sijakuzoea, nikatafuta kibarua mtandaoni, nikapata kampuni moja ya mbali inayotaka watu wa kujibu maswali ya vyombo vya umeme, kwa maandishi tu, kila mtu akiwa kwake na bila kutaja jina, wote tunaitwa Mtaalamu. Nikahamia stoo na skrini mbili na kiti cha kuzunguka, na binti sikumwambia, akajua nachezea vifaa vyangu tu. Asubuhi ya kwanza swali likaingia: "Mtaalamu, jamani jamani, kuna mteja friji yake inahema kama ina mimba, nimwambie nini?" Mshauri, nani mwingine duniani anaandika jamani mbili kwa mpigo? Na wakati huohuo, nyuma ya ukuta wa stoo, nasikia vidole vya binti yangu, ta-ta-ta. Kumbe wale wa ng'ambo nao walielemewa, wakaigawa kazi kwa watu wengine, na kazi yangu niliyonyang'anywa ikawa imezunguka dunia nzima na kurudi kukaa stoo kwangu! Nilizunguka na kile kiti mpaka nikaona nyota.

Hapo ndipo ningegonga ukuta nikasema, mama, ni mimi. Sikugonga. Nikamjibu kitaalamu kwamba friji haina mimba, ila mguu mmoja haujakanyaga chini, mteja aweke kipande cha mbao, na mtoto akizaliwa nijulishwe. Nikabonyeza. Nyuma ya ukuta nikasikia binti yangu anacheka, anacheka mpaka anapiga meza, kicheko ambacho nyumba hii haikukisikia tangu msiba wa mama yake. Basi nikanogewa, Mshauri. Akituma swali la friji namrudishia jibu na kichekesho juu yake, yeye anacheka upande wake, mimi nacheka upande wangu. Akiuliza, "Huko kwenu kuna baridi?" mimi nimevua shati na jasho linanitiririka, natazama saa yangu inipe hali ya hewa ya mbali, namjibu kwamba theluji imefika magotini. Mchana tunakutana jikoni, ananiambia, "Baba, kuna mtu huko ng'ambo ana akili, na ana vituko!" Namjibu, "Eti?" na kuinamisha uso kwenye sahani.

Sasa juzi ameandika hivi, nami nikaacha kuzunguka: "Mtaalamu, leo si friji. Kampuni inataka nikafungue tawi jipya, mbali, mpaka kwa ndege. Natamani mno. Lakini nina baba. Anashinda stoo na mavifaa yake, na siku hizi anacheka peke yake humo ndani, nimemsikia kwa masikio yangu. Naogopa akili zinamwacha. Nikiondoka atabaki na nani? Nikimuuliza mwenyewe atasema nenda, mama, ili asiwe mzigo. Wewe huna upande. Niambie, niende au nisiende? Utakachosema ndicho nitakachofanya. Ijumaa natoa jibu."

Nikaandika, "Usiende, mzazi ni mmoja." Kidole kikasimama juu ya kitufe, maana ukweli ni kwamba sitaki aende, nyumba hii bila yeye ni vyombo tu vinavyowaka taa. Nikafuta. Nikaandika, "Nenda." Nikafuta hiyo nayo. Mwishoni nikamtumia lile tunalowaambia wateja tukikwama: "Tafadhali subiri, mtambo una hitilafu." Nikamsikia nyuma ya ukuta anashusha pumzi.

Mshauri, Ijumaa iko mlangoni. Naomba uniandikie jibu fupi, zuri, la kitaalamu, nami nitalinakili nimtumie. Niseme aende au abaki?

Wako,
Mzee Chaji

*

Mzee wangu Chaji, shikamoo, na unisamehe, nimecheka. Nilijikaza vizuri mpaka kwenye mimba ya friji, hapo nikashindwa. Sasa nimefuta machozi, naomba uketi nikuseme.

Hebu tazama ulipofika. Kampuni yako ilitoa kazi nje, wa nje wakaileta kwako, nawe ukachukua ubaba ukamkabidhi Mtaalamu, na Mtaalamu alipoelemewa anautuma kwangu! Mzee wangu, mimi nina watoto wangu na wananitosha. Jibu la binti yako siandiki, hata ungeniletea hicho kifagio chako kinizungukie sebuleni.

Nakuonea huruma, usidhani sina moyo. Mtu aliyefiwa na mkewe, halafu siku moja akasikia nyumba inacheka tena, nani angekimbilia kuizima raha hiyo? Lakini yale masihara yalikuwa yako, hukuyaletewa na skrini, na jikoni ulikuwa nayo vilevile, ukayafungia mdomoni ukamwambia "Eti?" Na sasa mtoto anakosa raha, anadhani baba yake amerukwa na akili, nawe unayejua sababu umenyamaza kwa kuwa mchezo bado mtamu. Hapo umekosea, na umekosea sana.

Amekuambia huna upande. Wewe una upande mzito kuliko mtu yeyote duniani! Ukimwandikia "usiende" umemnyima safari yake kwa hila. Ukimwandikia "nenda" umemuaga kwa kinywa cha mtu asiyekuwepo, na yeye ataondoka akiamini amemwacha nyumbani mzee anayecheka na ukuta. Kwa hiyo usiandike kitu.

Fanya hivi, tena leo, usingoje Ijumaa. Toka stoo, vaa shati, kagonge mlango wa binti yako kwa mkono wako. Mwambie, "Mama, Mtaalamu ni mimi." Halafu unyamaze. Atakasirika, na ana haki. Usichomekee kichekesho hata kimoja, najua ulimi utakuwasha, ung'ate. Akikufungia mlango, kaa hapohapo koridoni mpaka afungue. Hasira zikishuka, mwambie kwamba akili zako ziko timamu, kwamba hutaki aende, na kwamba ungekuwa na umri wake ungekuwa umeshafunga sanduku tangu juzi. Mpe maneno yote matatu, asipungukiwe hata moja, kisha mwache aamue mwenyewe. Ni mtu mzima, anaweza kuyabeba.

Hiyo kampuni ya mbali iandikie ikutoe kwenye maswali ya ofisi ya mwanao. Yeye naye akamweleze meneja wake kabla meneja hajaelezwa na wengine. Watamkaripia kidogo, na nina hakika baadaye watacheka chooni. Na wewe tafuta wenzako uliowapigia ile hotuba, wapo mitaani humo na friji zao zinanguruma. Anza kwa kuwaomba radhi, kisha waombe chai.

Binti akiamua kubaki, mshukuru, usimwimbie ushindi. Akiamua kwenda, mpeleke uwanja wa ndege mwenyewe, mbebee sanduku mpaka pale wanapokuzuia, na machozi yakija yaache yatoke mbele yake, akuone. Hiyo ni kazi yako, mzee wangu, na hiyo usimpe mtu.