Kiti cha Dereva

Kwako Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Tangu nimalize shule nashinda gereji na Baba, tukifufua lile gari lake la kifahari la milango miwili. Limetembea kilomita laki nne, lakini injini imeacha kuvuja. Mama huuliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?"

Jana liliwaka. Baba aliketi kwenye usukani, miguu ikaning'inia mbali na pedali. Nikataka kusogeza kiti mbele.

"Kiache! Mwenye miguu mirefu alikiacha hivyo."

Akajiwekea mito miwili mgongoni, tukazunguka mtaa.

Najua mlivyogombana siku uliyoondoka. Yeye hatakuita, unamjua. Basi nakuita mimi. Njoo ukikalie kiti chako.

Mdogo wako,
fundi msaidizi