Picha Mbili za Mama

Studioni, nyuma ya duka la dawa,
Jumapili, 9 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Habari za huko, na wifi hajambo? Natumaini kile kifua kilichokusumbua kimeachia, na wanao wanaendelea vizuri na masomo. Huyo mdogo bado anakataa kuvaa viatu? Mwambie shangazi yake anauliza. Sisi huku hatujambo. Magoti ya Mama hulalamika asubuhi, yakishapata chai yananyamaza.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu Mama hukaa ubavuni mwangu akisubiri zamu yake, na yapo maneno ambayo nisingeweza kuyasema akiwa hapo. Pia kuna kitu ndani ya bahasha hii nataka ukishike kwa mkono. Usikitazame kwanza. Nakujua, umeshakitazama.

Nianze na kazi, maana uliniuliza nikakujibu "inaenda" kama mtu asiyetaka maswali. Inaenda kweli. Kinyozi wa jirani amehama, nimekodi chumba chake na tumebomoa ukuta wa katikati. Sasa upande mmoja ni wa picha za pasipoti na vitambulisho, upande wa pili ni wa familia, na mapazia ya rangi na taa mbili za miguu mirefu. Chekechea ya mtaa wa juu wamenipa kazi ya kuwapiga picha watoto wao wote wanaomaliza. Jumamosi watu hukaa kwenye benchi hadi nje.

Unakumbuka mwaka juzi hali ilivyokuwa. Kila mtu ana kamera kwenye simu, nami nikawa nashinda studioni napiga miayo, nafuta lenzi ambayo haijachafuka. Ulinishauri niuze kila kitu nitafute ajira, na nilikaribia kukusikiliza. Kilichoniokoa si taa. Taa zilikuja baadaye.

Kilichoniokoa ni Mama kuchoka kukaa peke yake nyumbani. Macho yalipokataa kutunga uzi kwenye sindano alifunga cherehani, akaanza kunifuata huku kwa visingizio: leo kaniletea chakula, kesho kasahau mwavuli. Mara akawa na kigoda chake kando ya pazia. Unamjua fundi nguo, hawezi kuona kola imepinda akanyamaza. Akawa anainuka, ananyoosha kola, anabana gauni kwa nyuma kwa pini, na huku anabana anachokoza. "Nani kakunyoa hivi baba, ulimkosea nini?" Mtu aliyeingia amekakamaa kama anasubiri hukumu anacheka, na mimi hapo hapo nabonyeza.

Shida ni kwamba picha ya pasipoti haitaki meno. Kuna fundi bomba mmoja picha zake zilirudishwa mara mbili. Ofisini wakamwambia hiki ni kitambulisho, si kadi ya harusi. Alipoingia tena na ile bahasha nikajua leo nimekwisha. Kumbe nyuma yake yuko mkewe na watoto, wamependeza, na anachotaka ni ile ile ya meno, ya familia nzima, kubwa, ya kutundika sebuleni. Baada yake wakaja mafundi wenzake na wake zao. Mchora mabango ameniandikia PICHA ZA KISASA kwa herufi nyekundu juu ya mlango, lakini sijamsikia mtu akisema hivyo. Wanasema twende kwa Mama. Nimempiga marufuku kusogea upande wa pasipoti, naye anasogea kila siku.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ulipopiga simu kusema umemkatia Mama tiketi aje aishi nanyi moja kwa moja, apumzike, nilifurahi kwa ajili yako. Nasema kweli. Najua tangu tulipomzika Baba nawe ukanyimwa ruhusa kazini, moyo wako haujatulia. Unataka umtunze aliyebaki. Wewe ni mtoto mwema, kaka, na Mama anamweleza hivyo kila mteja, hadi wengine wanakufahamu kuliko wanavyonifahamu mimi.

Mama naye hakupinga hata kidogo. Alinunua viatu vya safari. Akaanza kugawa vitu: cherehani kampa jirani, na ule mto wake wa pini kaniachia mimi, eti nitauhitaji. Nilimuuliza kama kweli anataka kwenda. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mwanangu kaniita. Nitamwambia nini?" Hilo si jibu, lakini ndilo alilonipa.

Jumatano nilimpiga picha ya pasipoti. Akaketi kwenye kiti cha wateja, na kigoda chake kikabaki kitupu. Nikajaribu mambo yake: nikamnyoosha kola, nikamuuliza nani kamsuka hivi, alimkosea nini. Hakucheka. Hakununa pia. Alikaa tu, ametulia, kama mtu aliyeambiwa asubiri na hakuambiwa hadi lini. Nilipiga moja tu, nikaishusha kamera.

Kaka, ile picha ilikubaliwa papo hapo. Karani aliiinua akaiangalia, akasema laiti kila mtu angeleta picha kama hii, haina kasoro hata moja. Muda wote huu ofisi ile inaturudishia picha za watu kwa sababu ya Mama, na ya kwake mwenyewe ndiyo ikapita bila swali. Nilitoka nje nikalia nimeegemea ukuta, waliokuwa kwenye foleni wakadhani nimenyimwa pasipoti.

Hiyo ndiyo picha ya kwanza kati ya mbili zilizomo kwenye bahasha. Ya pili niliipiga Jumatano hiyo hiyo, kabla sijazima taa. Muuza mboga wa kona aliingia na gauni jipya, lebo inaning'inia shingoni. Mama aliinuka kitini kabla sijamwambia tumemaliza, pini tayari iko mdomoni, na kamera ilikuwa bado mkononi mwangu. Muuza mboga katoka nusu, mkono wa Mama una ukungu. Kikazi ni picha ya kutupa. Wewe mtazame usoni.

Utasema navutia upande wangu. Sawa, navutia kidogo. Nyumba itakuwa kimya na nitajisikia vibaya sana. Lakini kazi haitakufa. Nitaajiri mtu, wateja watanung'unika kisha watazoea. Siandiki kwa ajili ya studio. Wewe unadhani unamtoa kazini akapumzike, na mimi ninayemwona kila siku nakuambia anachoka siku asiyokuwa na kola ya kunyoosha. Huko kwenu mnatoka asubuhi, wewe na wifi kazini, watoto shuleni. Atakaa kwenye sofa zuri na atamchokoza nani?

Ninachokuomba ni kidogo. Mbadilishie tiketi, iwe ya kwenda na kurudi. Aje awaone wajukuu, awanyooshe wote kola, amvishe viatu huyo mkaidi. Akishashiba kuwaona, arudi. Na umwambie wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kwamba akirudi hajakukataa. Nikisema mimi hatanisikia.

Nimesema mengi, lakini hili jina mlinipa wenyewe. Msalimie sana wifi, umwambie kile kitambaa alichotutumia ndicho pazia la bluu, na watu wanaligombania. Mama mdogo anakusalimu, mjomba naye anakusalimu na bado anadai unampigia simu usiku wa manane makusudi. Wasalimie watoto mmoja mmoja. Mungu akulinde kazini na njiani, na akutulize moyo.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Chiriku

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha Mama alipoikuta mezani. Akauliza nimekuandikia nini. Nikasema nakueleza habari za taa mpya. Akaipima kwa mkono, akasema, "Taa gani nzito hivi?" Akairudisha mezani, akaenda kuketi kwenye kigoda chake, akavaa miwani, akavua. Kisha akasema, bila kunitazama, "Basi kama hujaituma, muulize na hili. Hiyo ndege ikishanifikisha kwake, hurudi siku gani?"