Pepo Uliyemtuma kwa Posta

Duka la saa, chini ya nyumba yetu,
Alhamisi, tarehe 13 Juni, saa sita mchana.

Mpendwa Kitinda,

Hujambo, mdogo wangu? Natumaini barua hii itakukuta mzima, umevaa soksi, na umekula kitu kisichotoka kwenye kopo. Kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka shemeji yako akaniuliza kama huko unatwanga kitu. Sisi huku wazima. Nimesema wazima, na safari hii sisemi kwa sababu barua zote huanza hivyo. Soma taratibu, utajua.

Shemeji yako hajambo, bado anapanda nguzo za umeme na kuteremka na malalamiko. Mpwa wako Kasuku amemaliza mitihani, na sasa anaongea mara mbili ya zamani. Hatukujua kama inawezekana. Mimi mgongo unanisumbua kidogo. Hiki kiti cha Baba, ninachokalia kutengeneza saa siku hizi, kilizoea mgongo wake, na wangu bado kinaubishia.

Sasa tuje kwenye kifurushi chako. Nikushukuru kwanza au nikugombeze kwanza? Nitaanza na kukugombeza, ili shukrani zikija zisiingiliwe.

Miezi mitatu imepita tangu tumzike Baba. Wewe hukuweza kuja, kwa sababu tunazozijua, na hakuna aliyekulaumu. Halafu linafika sanduku. Nikalifungua nikidhani umetuma sweta. Ndani nikakuta dadu za kila rangi, moja ina pande ishirini, karatasi za wahusika, ramani ya jumba bovu, na ukurasa mmoja wa pepo muuaji. Juu yake ulibandika kikaratasi, unatuomba tukuchezee mchezo huo wa kuigiza hadithi kwa dadu na kumjaribu pepo kabla bosi wako hajamwingiza katika kitabu cha michezo mnachochapisha. Chini kabisa, kwa herufi za kuchungulia, uliandika: "Msikasirike."

Nikasoma. Anaitwa Fundi wa Mwisho. Ni mrefu, mwembamba, amefunga aproni yenye mifuko saba, na katika kila mfuko mna moyo wa mtu ambao bado unagonga. Amebana lenzi jichoni. Humjia mtu kwa nyuma akiimba puani, humfungua mgongo kwa bisibisi ndogo, huchomoa kinachogonga, kisha humfunga vizuri bila kuacha alama. Na kabla ya kuua humwambia mtu kwa upole, "Njoo kesho, itakuwa tayari."

Kitinda, hayo ni maneno ya Baba. Hakuna mteja aliyewahi kuingia humu dukani asiyeijua sentensi hiyo. Ulimchukua baba yetu, mtu aliyekuwa akiwatoa mende nje kwa karatasi ili wasikanyagwe, ukamfanya muuaji. Nilitaka kukurudishia sanduku lako kwa posta ileile, na maneno yangu juu yake.

Sikulirudisha kwa sababu ya Mama.

Kwenye simu hatukukueleza yote, unisamehe. Tangu mazishi Mama alikuwa hali chakula. Vijiko viwili, anaisukuma sahani. Alikaa chumbani, mlango ameuacha wazi kiasi cha kupitisha mkono, na mezani hakuja hata siku moja. Mshonaji wa hapa jirani alimpunguzia nguo mara mbili, na mara ya pili hakuniambia kitu, alinitazama tu na pini zake mdomoni. Daktari alisema haoni ugonjwa, ila mwili ukiendelea hivyo utautafuta wenyewe. Tulimbembeleza, tukamgombeza, mimi nikalia mbele yake. Mama aliyefundisha hesabu miaka thelathini, aliyekuwa akilinyamazisha darasa zima kwa kuvua miwani tu, akawa ananijibu, "Niache kidogo, mwanangu." Niliogopa. Niliogopa kwamba nitakupigia tena simu kama ile ya Baba.

Basi Jumamosi moja mchana nimefunga duka, tumekaa sebuleni watatu, Kasuku akasema tuujaribu mchezo wa mjomba. Mimi nikawa msimulizi, yule anayesoma hadithi na kumchezesha pepo, kwa kuwa ni mkubwa na sipendi kuamrishwa. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye ukurasa wako kulikuwa na sehemu umeizungushia mstari, ukaandika kwamba ni siri ya msimulizi peke yake. Lakini sisi watoto wa fundi saa tumefundishwaje? Saa ikiletwa, usiguse mshale wala kioo. Fungua mgongo kwanza, uone kilichomo. Nikaanza na siri, tena kwa sauti, nikawasomea wote. Pepo huyu hafi kwa upanga wala kwa moto. Ila mtu atakayebaki naye peke yake, akimwita kwa maneno yafuatayo, pepo atavua aproni na kuondoka zake: "Fundi, funga. Chakula kinapoa."

Kasuku akalalamika kwamba nimeumaliza mchezo kabla haujaanza. Shemeji yako akawa ananicheka. Kabla hatujamaliza kubishana, mlango wa chumbani ukafunguka wote. Mama alikuwa amesimama pale na shuka mabegani.

"Nani kaandika hayo?" akauliza.

Nikamwambia ni Kitinda. Akavuta kiti akakaa. "Nipeni hizo dadu," akasema. "Na mnazirusha kama mnalisha kuku."

Sitakuchosha na vita vyenyewe. Pepo wako alimuua kwanza shemeji yako, ambaye alifungua mlango tuliomwambia wote asiufungue, ndivyo alivyo hata nyumbani. Kisha akamuua Kasuku katikati ya sentensi, na nakiri kwamba nilifurahi kidogo. Mama akabaki peke yake na Fundi wa Mwisho, kwenye chumba cha mwisho cha jumba. Maneno tulikuwa tunayajua sote. Nikamwambia, "Mama, zamu yako." Aliitazama dadu mkononi mwake, akasema, "Aniue." Nikamuua, ningefanyaje? Akajikusanya na shuka lake, akarudi chumbani.

Jumamosi iliyofuata alikuja mezani kabla hatujamwita. Akapigana vizuri, akatupangia mbinu, akafika mwisho akiwa peke yake. "Aniue," akasema tena. Jumamosi ya tatu vilevile. Lakini niliona jambo: wakati wa kupanga mbinu, mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye sahani ya mkate bila yeye kujua. Kwa hiyo nikawa naongeza vyumba kwenye jumba lako ili mchezo urefuke. Ukija kuiona ramani yako imechorwachorwa kwa penseli, ni mimi.

Siku hiyo ya tatu Kasuku alishindwa kuvumilia. "Bibi, si useme tu? Maneno manne."

Mama akamjibu, "Ungejua uzito wake usingeyahesabu."

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mimi nikaanza kuusikia ukija. Nilidhani anamwonea huruma pepo kwa kuwa anafanana na Baba. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Jumamosi iliyopita tukacheza mara ya nne. Tukafa, kama kawaida. Mama akabaki. Nikasoma kama ulivyoandika: pepo ameinama, anaimba puani, lenzi iko jichoni, bisibisi iko mkononi. "Njoo kesho, itakuwa tayari." Mama akavua miwani. Saa za dukani zikagonga huku chini. Kisha akageuka, akaipa mgongo meza ya mchezo wetu, akaelekea kwenye ngazi, akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiita nayo miaka yote:

"Fundi, funga. Chakula kinapoa."

Halafu akatueleza. Asubuhi ya siku ile Baba alipofariki walikuwa wamegombana, na ugomvi wenyewe ni saa yake ya mkononi. Baba aliichukua miaka miwili iliyopita aisafishe, na kila akiulizwa jibu ni kesho. Mke wa fundi saa anawauliza majirani saa ngapi. Siku ile uvumilivu ukamwishia, akamwambia, "Leo sikuiti kula. Ukisikia njaa, panda kesho." Saa saba ikafika, hakuita. Saa nane, hakuita. Saa tisa mshonaji akaingia dukani kuulizia saa yake ya ukutani, akamkuta Baba amelaza kichwa juu ya meza.

Shemeji yako akamkumbusha daktari alivyosema, kwamba moyo ulisimama ghafla na kuitwa kusingeuamsha. Mama akasema hilo analijua, amelijua tangu siku ya kwanza. "Siyo hilo," akasema. "Ni kwamba kila siku niliita. Siku aliyoondoka, hakuitwa."

  Kasuku akamshika mkono, akamwambia polepole, "Sasa umemwita, Bibi."

Mama akalia, nasi tukalia naye, hata shemeji yako, ambaye sasa anasingizia vumbi. Alipomaliza alipangusa miwani, akaivaa, akauliza kuna nini sufuriani. Alikula sahani nzima, Kitinda. Akaomba aongezewe. Mimi nilikuwa nakoroga sufuria tupu ili asinione uso.

Kuna jambo moja bado. Kwenye kona ya meza ya Baba kulikuwa na trei ndogo iliyofunikwa kwa bilauri, kama alivyokuwa akifunika kazi anayokusudia kuirudia. Miezi yote hii nilikuwa nafuta vumbi kuizunguka, sina moyo wa kuigusa. Jumatatu nikaifunua. Ilikuwa saa ya Mama. Imesafishwa, inang'aa, imekwisha kabisa isipokuwa mfuniko wa nyuma na skrubu moja. Baada ya ule ugomvi alishuka akaketi kuitengeneza.

Nikaikaza ile skrubu. Bisibisi iliteleza mara mbili. Nikapanda nayo juu, nikamwambia Mama niliikuta wapi na ikiwa katika hali gani. Aliiweka sikioni kwanza, kisha akaivaa. "Mwongo yule," akasema, akacheka. Nilikuwa nimeanza kukisahau kicheko kile.

Basi asante, mdogo wangu. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe hukuwepo, na lako ndilo lililotusaidia kuliko yetu sote tuliokuwepo. Ugomvi ule hukuujua. Ulichofanya ni kukumbuka tu maneno aliyokuwa akiita nayo Mama kutoka juu ya ngazi, ukayaweka mahali ulipoona panafaa. Mimi ninayeishi ndani ya nyumba hii sikuwa nimeyakumbuka. Najua uliandika "Msikasirike" mkono ukisita, na najua umemlilia Baba huko peke yako, ukimchora mifuko na vidole. Hatukukasirika. Mimi nilikasirika siku moja, na nimeshaiomba radhi karatasi yako.

Mama ametoa masahihisho kwa ajili ya bosi wako, nami naandika kama alivyosema. Lenzi inakaa jicho la kushoto, wewe umeiweka kulia. Mifuko ya aproni ni sita. Wa saba ulichanika wewe ukiwa darasa la tatu, kwa kuning'inia kwako, na haukushonwa tena. Kuhusu kutisha, anasema pepo anatisha vya kutosha, asiongezwe wala asipunguzwe. Na yale maneno manne yasibadilishwe hata moja.

Shemeji yako anakusalimu, anaomba pepo ajaye asianze na yeye. Kasuku anakusalimu kwa kurasa sita ambazo nimekataa kuzitia kwenye bahasha hii. Mshonaji anakusalimu pia. Leo asubuhi kachukua zile nguo za Mama azirudishie upana, na safari hii pini hazikuwa mdomoni, alikuwa anaimba. Wasalimu wenzako wa kazini, na yule mama mwenye nyumba anayekugongea mlango ukikohoa. Mungu akulinde huko uliko, akupe kifua kizima na njia ya kuja nyumbani, na mikono yako aibariki hata inapochora wauaji.

Nilitaka kukueleza pia habari za paa, lakini saa saba imegonga, zote kwa pamoja isipokuwa zile mbili zinazochelewa, na kuna mtu amesimama juu ya ngazi. "Fundi, funga," anasema. "Chakula kinapoa."

Ananiita mimi. Naweka kalamu chini, nisimsubirishe.

Wako akupendaye leo, bila kungoja kesho,

Dada.