Fundi Alimpima Zuhura Peke Yake

Kisangani, Alhamisi asubuhi

Mama yetu,

Salaam aleikum. Mgongo wako umepoa? Na Papa bado anakataa dawa ya presha, ama amekubali sasa? Sisi huku tu wazima na masomo yanaendelea. Ningekupigia simu, lakini mimi na Zuhura tunalala chumba kimoja, na haya siwezi kuyasema pacha wangu akisikia. Ndiyo maana nampa barua hii Tonton Saidi, jirani yetu, anayesafiri kesho kuja Kindu.

Unakumbuka tulikwambia habari za mazoezi ya chuo. Profesa mmoja alitafuta vijana wanene, akatupata wawili kwa mara moja. Anataka kujua kama mafuta ya mwili yanaondoka zaidi kwa kukimbia kwa nguvu au kwa kutembea polepole muda mrefu. Tulichota karatasi ndani ya ndoo. Zuhura akapata kukimbia, mimi kutembea. Mama, hakuna siku uliyompa mmoja wetu kiatu ukamnyima mwingine. Hata mkate ulikuwa unaugawa kwa kisu. Nilimwambia profesa kwamba mapacha hawatenganishwi, akasema karatasi ndiyo imeamua.

Basi kila asubuhi ninazunguka uwanja kama mtu aliyepoteza ufunguo, mkanda wa kuhesabu mapigo ya moyo kifuani, na nikiongeza mwendo kidogo tu msimamizi ananiita nipunguze. Zuhura ananipita mbio, anamaliza mapema, anakaa kivulini kunisubiri. Baada ya miezi miwili mizani ilisema tumepungua karibu sawa. Lakini walipotuzungushia utepe, kiuno chake kilikuwa kimeingia ndani kuliko changu. Profesa alisema bado ni mapema kuamua, na kwamba wengine wa kundi langu wamepungua vizuri. Wengine hawanihusu. Mimi namwangalia Zuhura tu.

Nina wivu, Mama, naandika wazi. Vijana wanaobeba watu kwa baiskeli, hawa wa toleka, walikuwa wanatuita kwa upacha wetu, mapasa. Sasa yeye wanamwita kwa jina, na mimi ni "ule munene". Akijigeuza mbele ya kioo, natoka nje.

Halafu zikaja nguo zetu za harusi ya kaka yetu, yaya Idi. Kile kitenge ulichotutumia tulikipeleka kwa fundi wetu wa Kabondo. Akashika utepe kama kawaida yake. "Ba mapasa, napima moya tu," alisema, na aliyekuwa amesimama mbele yake ni Zuhura. Ningeweza kumkatiza. Nilinyamaza, kwa sababu nilitaka iwe kweli kwamba bado tuko sawa.

Jumamosi tukazijaribu, zote mbili zimeshonwa kwa kipimo chake. Yake ilimkaa. Yangu zipu ilikwama kiunoni, haikupanda tena.

Zuhura hakucheka. Alikaa kitandani na nguo yake mpya, akasema, "Asha, miye naacha kukimbia. Nitakula mpaka tutakuwa sawa tena."

Nilipaswa kukataa. Badala yake niliuliza, "Kweli?"

Tangu siku ile hajakanyaga uwanjani. Anayempikia ni mimi: lituma ya ndizi za kuponda na samaki, mafuta ya mawese bila kupima, na akitaka kunawa mikono namwongezea. Jana alipanda ngazi za chuo akasimama katikati kutafuta pumzi, na mimi nyuma yake nikafurahi. Halafu nikajiogopa.

Msimamizi amesema akikosa wiki mbili watamtoa. Nimejaribu kumwambia arudi, mdomo unakataa. Ukipata barua hii mpigie wewe, mwambie akimbie. Wewe atakusikia. Usimwambie kwamba imetoka kwangu.

Msalimie Papa, na shangazi aliyetusuka nywele siku ya kuondoka, na yaya Idi, bwana harusi wetu. Mwambie kwamba fundi ameahidi kuongeza kitambaa mbavuni mwa nguo yangu, na nitakuja nayo hivyohivyo.

Usichelewe, Mama. Kila asubuhi Zuhura anapobaki kitandani, mimi nafunga kamba za viatu nikiimba.

Mwanao,
Asha