Jina Lako Mlangoni mwa Gari

Baba Mwanaidi wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kando ya gari lako, na vidole vyangu vinanuka thina ya kuondolea rangi. Kesho kutwa nduguyo Said analipeleka Malindi kwenye yale mashindano uliyokuwa ukiyangoja. Mama yako alitaka liende na jina lako mlangoni, kama ulivyoliandika. Mimi nikakataa. Siku tatu hakusema nami. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine.

Eda yangu ilikwisha wiki iliyopita. Wanawake walikuja, wakanivisha nguo ya rangi, wakakaa kuningojea nilie. Sikulia. Nilikuwa nawaza kama wali utawatosha. Ndivyo nilivyo siku hizi, usinione mbaya. Nikimwogesha mtoto namwogesha, nikipika napika. Mtu akikutaja nasikia kama anamtaja mtu wa Hola ambaye sijapata kumwona.

Siku ya pili yake Said akaja, akasimama nje ya mlango na viatu mkononi.

"Shemeji, lile gari ni mali ya yatima. Siliwekei mkono mpaka wewe useme."

Nikamwambia, "Liguse."

Alikuwa amejiandaa kunibembeleza. Akabaki pale hajui afanye nini na maneno aliyokuja nayo.

Unakumbuka lilivyofika hapa? Ulilitoa Chewele kwa mwalimu mstaafu, Starlet ya zamani kuliko mimi, kiti cha nyuma kuku wametagia. Nikakuuliza gari kama hili litashindana na nini, na punda? Ukanikalisha ukanieleza kama unayemfunza mtoto wa chekechea. Katika daraja lenu la mashindano magari yote ni makongwe, yote ya aina moja. Injini ni ileile iliyotoka kiwandani, hairuhusiwi kuongezwa nguvu. Matairi sawa, kila kitu sawa. "Kinachoshindana ni dereva, Mama Mwanaidi. Gari ni lilelile kwa kila mtu." Nilikuwa nakunja nguo na nikajifanya sisikii, lakini nilisikia.

Mimi ni mtu wa Kau, nilikulia kwenye mtumbwi. Spana kumi na spana kumi na mbili kwangu zilikuwa chuma tu. Ulinifunza. Tuling'oa viti, zulia, kitambaa cha dari, hadi kile kikasha cha kuwekea karatasi. Ukachomelea mabomba ndani ili likipinduka lisikuponde kichwa. Kiti kimoja ulikirudisha, cha dereva, na ulikifunga kwa kipimo cha miguu yako mifupi. Mikanda ya mabega uliikaza juu ya kifua chako huku mimi nikivuta kwa nyuma. "Vuta kama unamfunga mwizi," ulisema.

Na ile siku ya mizani, hiyo naiona vizuri kuliko zote. Sheria ilisema gari na dereva wake ndani wasipungue kilo mia nane, na Garsen nzima hapakuwa na mahali pa kupima gari ila soko la mifugo. Tukalisukuma juu ya mizani ya ng'ombe, kwanza magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma, wewe umekaa kwenye usukani kama bwana harusi. Wafugaji wa Kiorma wakaacha biashara yao wakaja kutuzunguka. Mzee mmoja akaligonga ubavuni kwa fimbo.

"Dume hili mmelinyima majani?"

Mwingine akadakia, "Lifungueni mdomo, tuone meno."

Ukashuka, ukafungua boneti. Yule mzee akainama, akachungulia injini kwa makini kama anayenunua kweli. "Huyu ni mzee huyu. Anakula?"

"Anakula petroli, baba."

"Basi muuze leoleo. Kesho atakula zaidi."

Watu walicheka mpaka Mwanaidi akashtuka mgongoni kwangu akaanza kulia, nawe ukarudi kitini ukampakata ndipo msoma mizani akaanza kusoma. Mbele, nyuma, jumla kilo mia nane na tatu. Ulipiga honi. Tulikuwa tumeshafika karibu na nyumbani, mimi nimekaa sakafuni kando yako, nilipokuuliza, "Na mtoto je?" Kadi yake ya kliniki ya juzi yake ilisema kilo kumi na moja. Ulisimamisha gari katikati ya barabara ukaweka kichwa kwenye usukani. Nilidhani umekasirika. Mabega ndiyo yaliyonionyesha kuwa unacheka.

"Tumepungukiwa kilo nane. Basi nipikie."

Nilikupikia mwezi mzima. Viazi vya nazi, mahamri, samaki wa kupaka. Hukuongezeka hata nusu.

Halafu ikaja homa. Sitaki kuiandika yote. Nakukumbusha jambo moja tu, kwa sababu wewe ulikuwa umefumba macho na hukuliona. Daktari alisema damu imekwisha mwilini, akauliza yako ni kundi gani. Mimi nikajibu palepale, "A." Nililijua kwa sababu ulikuwa umeliandika mlangoni mwa gari kwa rangi nyekundu, BAKARI, na chini yake A, kama sheria zenu zinavyotaka, ili dereva akiumia asiweze kusema, mlango useme. Said alikuwa ameshakunja shati. Wakampima, wakamwambia ashushe mkono wa shati, yake ni B, haiwezi kuingia kwako. Mama yako akamshika yule muuguzi. "Si ndugu hawa? Tumbo moja, ziwa moja. Itakataaje?" Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba inakataa, na mtu anaweza kufa nayo. Ilipatikana kwa mtu mwingine, ikaingia yote. Ukafa asubuhi yake.

Basi Said amekuwa hapa wiki nzima akilitengeneza. Amesafisha karbureta, amebadilisha plagi na mafuta ya breki. Kiti chako amekirudisha nyuma matundu mawili, maana magoti yake yaligonga usukani. Mikanda uliyonivutisha ameilegeza. Alipoingia ndani akapiga tumbo lake, "Shemeji, zile kilo nane msizitafute tena, ninazo hapa." Nikasikia mdomo wangu unacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa mbali kidogo.

Kila kitu kilichokuwa kipimo chako amekigeuza kuwa kipimo chake, na hakuna aliyesema neno, mpaka tulipofika kwenye jina.

"Hili tuliache," Said akasema. "Nitakimbia kwa jina lake. Waandaaji nitasema nao, watanielewa."

"Na damu utakimbia kwa ya nani?"

Mama yako alikuwa barazani anachagua mchele, akaweka ungo chini. "Unamfuta mwanangu. Hata mwaka haujafika, unamfuta."

Nikamwambia, "Mama, kwenye kile kiti atakaa Said." Sikuweza kusema zaidi. Sikuwa na hasira wala huzuni ya kunisaidia kusema. Nilijua jambo moja tu, kama ninavyojua maziwa yakichemka yanamwagika: huyu mwanamume akipinduka kule Malindi, mtu atakayekuja kumtoa atasoma A.

Kwa hiyo leo asubuhi nikachukua kitambaa na thina. Nilimwambia Said aniachie mimi. Ulikuwa umepaka mipako mitatu, kweli hukuwa mvivu. R ilitoka kwanza, K ikang'ang'ania. Nilidhani nikifika kwenye herufi ya mwisho nitaanguka, au nitapiga ukelele, na wanawake wote watatulia kwa kuwa hatimaye nimelia. Mkono ulisugua tu. Kitambaa kikawa chekundu, nikachukua kingine. Mwanaidi aliniuliza nafanya nini, nikamwambia namwandikia ami yake mlango.

Nikaandika SAID. Chini yake nikaandika B, kidogo, pembeni, sijui kwa nini kidogo. Labda nilikuwa naona haya mbele ya mama yako.

Nikasikia kandambili zake nyuma yangu. Sikugeuka. Nilijua akiniambia nirudishe jina lako sitalirudisha, na nilijua pia kwamba sina mwingine wa kukaa naye nyumba hii.

"Hiyo ndogo," akasema.

"Ipi, mama?"

"Hiyo B. Mtu mwenye haraka ataiona wapi? Ifute, uiandike kubwa. Kubwa kuliko jina."

Akainama na magoti yake yale mabovu, akaokota mkebe wa rangi, akanishikia mpaka nikamaliza.

Rangi inakauka sasa. Mola akupe usingizi mzuri, Bakari. Siku nikiweza kukulilia nitakulilia sana, usidhani nimekusamehe hilo la kuniacha.

Ni mimi,
Mama Mwanaidi